Kaya ya Mfano

Mtu aliyetaka kumjua Mama Povu hakuwa na haja ya kumhoji. Alitazama vidole vyake tu, akamaliza. Ncha zake zilikuwa nyeupe, zimekunjamana kama za mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, na zilikuwa hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa miaka ishirini na miwili aliyofua nguo za watu. Alifulia kwake, kwenye ua mdogo nyuma ya vyumba viwili, kamba nne juu na mabeseni matano chini. Jina la Povu alipewa na wateja, naye hakulikasirikia. Jina la kazi ni afadhali kuliko jina la umbea, na mtaani kwao majina ya umbea hayakuwa machache.

Nguo zilimwambia mambo. Kola ilimwambia nani anatembea kwa miguu na nani anapakiwa garini. Mikono ya shati ilimwambia nani ana meza ofisini na nani anasema tu kwamba anayo. Mengine aliyaona kwenye mashuka, na hayo hakuyasema hata kwa ndugu yake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye alikuwa mwosha wa mtaa mzima. Alifua, akasuuza, akaanika, akanyamaza.

Mtoto alikuwa na mmoja tu, binti, ambaye baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Binti huyo alikuwa chuo kikuu, mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho, na hapo ndipo taabu ya kueleza ilipoanzia. Watoto wa wengine walisoma vitu vyenye jina moja. Huyu udaktari, yule sheria, mwingine uhasibu.

"Hivi wewe, binti anasomea nini huko?" aliuliza Redio, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Maendeleo."

"Maendeleo ya wapi?"

"Ya kimataifa. Ya dunia."

"Dunia nzima?" Redio alitua ndoo chini ili acheke vizuri. "Basi mwambie akianza, aanzie huku kwenye choo changu. Mlango umeng'oka tangu mwaka jana."

Tangu siku hiyo binti akija likizo watu walimwita Bi Dunia. Yeye alicheka. Mama yake naye alicheka, lakini usoni tu. Siku moja alimuuliza binti taratibu, wawili peke yao, wanachofundishwa hasa ni kitu gani.

"Tunasoma kwa nini watu wengine wana maji, shule na barabara, na wengine hawana," binti akasema. "Halafu tunasoma kinachoweza kufanyika."

"Na hilo linataka miaka mitatu? Wasio na maji hawana bomba."

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, wewe ungepasi bila kuingia darasani."

Lilikuwa jambo dogo, lakini Mama Povu alilala nalo vizuri usiku ule. Maana kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mwaka wa kwanza wa binti alikwenda chuoni kumpelekea mashuka. Binti alimpokea kwa furaha, akamtambulisha kwa wenzake wa chumba: "Huyu ndiye mama yangu." Wote walimwamkia kwa adabu. Mmoja akampa mkono, na alipoushika ule mkono macho yake yalishuka kwenye vidole, yakapanda haraka. Basi. Lakini Mama Povu hakurudi tena chuoni. Kila alipoitwa alikuwa na kazi nyingi.

Sasa mwaka huo wa mwisho, binti alikuja na habari.

"Mama, wenzangu watakuja hapa. Na mwalimu wetu."

"Kufanya nini?"

"Utafiti. Tunapita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, tunauliza watu wanavyoishi. Mitaa sita. Mwalimu anataka nyumba moja ya mfano, aulize yeye mwenyewe, wote tukiangalia, ndipo tugawane nyumba nyingine. Nikasema kwetu."

"Ukasema kwetu?"

"Ndiyo. Wewe usifanye kitu, mama. Kaa kama ulivyo."

Kaa kama ulivyo. Mwingine angeyasikia maneno hayo akapumua. Mama Povu aliyasikia akaona mtoto anamwonea huruma. Mtu huambiwa akae kama alivyo pale ambapo hali yake inajulikana kuwa mbaya. Alitazama chumba cha mbele. Aliona viti viwili vya plastiki, kimoja kimefungwa waya mguuni, marundo ya nguo za wateja yaliyofika dirishani, ndoo nane za maji zimepangwa ukutani na kufunikwa masinia. Akawaza wanafunzi wanane na mwalimu wao wanaingia na viatu vyao.

Siku mbili zilimtosha. Kwa Fundi, mshona nguo wa nyumba ya pili, aliazima kochi la watu watatu na vitambaa vyake. Walilibeba wanawake wanne, wakalikwamisha mlangoni, ikabidi mlango ung'olewe bawaba. Kwa muuza duka aliazima ile mashine ya kusimama yenye chupa kubwa ya maji kichwani. Mabeseni, ndoo na nguo zote za wateja alizihamishia kwa Redio. Kamba za ua alizifungua zote nne.

"Unaoa au unaolewa?" Redio aliuliza, amekaa juu ya rundo la mashuka ya watu.

"Wageni wa mtoto."

"Na hii mashine ya maji, wanakuja kunywa kisima kizima?"

"Niache, jirani. Wewe huna mtoto chuoni."

"Sina. Ila nina mgongo, na huo mgongo umebeba kochi." Lakini alimsaidia mpaka mwisho, hata akamletea pazia lake.

Walikuja Jumanne saa nne. Binti alipoingia na kuona chumba, alisimama mlangoni. Mama yake aliyaona macho yale yakizunguka, kochi, pazia, mashine, yakamrudia yeye. Hapakuwa na nafasi ya kusema neno. Wenzake walikuwa nyuma yake. Waliingia wote, wakaamkia, wakakaa, wengine kwenye kochi, wengine kwenye mkeka. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo kama yeye, mwenye miwani na sauti ya chini. Binti alipewa karatasi na kalamu ajaze, mwalimu akiuliza.

"Dada yangu, hatukuja kukupa kitu wala kukuuzia kitu," mwalimu alianza. "Tunajifunza tu. Hakuna jibu zuri wala jibu baya. Tutaanza na kaya yako. Ina watu wangapi?"

"Kaya?"

"Watu wa nyumba hii."

"Wawili. Mimi na huyu anayeandika."

Wanafunzi walicheka kidogo, naye akapata nguvu.

"Maji ya matumizi mnayapata wapi?"

Macho yake yalikwenda kwenye mashine ya muuza duka. Ikatoa povu moja ndani ya chupa, ikalia blu, kama inayomjibia.

"Humu ndani," alisema. "Tuna bomba la ndani."

Binti aliinua kichwa.

"Hukatika?"

"Mara mojamoja. Kama kwa watu wote."

"Mnatumia dakika ngapi kwenda kuchota na kurudi?"

"Dakika? Natoka hapa nakwenda jikoni." Wakacheka tena, kwa wema, na yeye akawa mwepesi. Uongo ukianza una utamu wake. Alijibu habari za umeme, za choo, za kuni, kila jibu likipanda juu ya jenzake. Kisima walichochota wote pale mtaani kilikuwa mwendo wa nusu saa kwenda na kurudi, bila foleni. Foleni ilikuwa na saa yake.

Kisha mwalimu akafungua ukurasa wa pili. "Kuna mtoto wa kaya hii aliyewahi kukosa masomo kwa sababu ya kuchota maji?"

Swali hili Mama Povu hakulitegemea. Tangu darasa la tatu hadi la saba, binti yake alikwenda kisimani safari mbili kila asubuhi kabla ya shule. Nguo za watu zinataka maji kabla jua halijapanda, na mikono ilikuwa ya watu wawili tu. Somo la kwanza lilikuwa hesabu. Waliochelewa walipigishwa magoti getini mpaka somo liishe. Binti hakuwahi kusema. Lakini kila jioni mama alipoichukua sketi ile ya shule alikuta pindo la mbele lina vumbi jekundu, mahali pawili, upana wa goti. Aliifua. Kesho yake akamwamsha mapema vilevile.

"Hapana," alisema Mama Povu. "Huyu hakukosa hata siku moja."

Kalamu ilisimama. Mwalimu alisubiri. Wanafunzi walisubiri. Binti hakumtazama mama yake. Alitazama karatasi kwa muda ambao haukuwa mrefu, lakini mama aliuona mrefu. Kisha akaandika.

Walipoondoka, Redio aliingia kwa mlango wa nyuma, mkono kiunoni. "Nilikuwa dirishani. Bomba la ndani!"

"Punguza sauti."

"Mimi sisemi kitu. Ila wakija kwangu, usidhani nitakubali kuwa maskini peke yangu mtaa mzima."

Na haikuwa kwake tu. Habari ilikwisha kupita uzio kabla ya saa sita. Kwa siku tatu wanafunzi walipita nyumba thelathini na nane, na kila moja iliwapokea kwa heshima yake. Fundi alisema ana tangi juu ya bati. Mzee mmoja aliyestaafu ulinzi, ambaye alikuwa akioga akikumbuka, alisema anaoga maji ya moto mara mbili kwa siku. Kochi la Fundi lilitembea nyumba tano. Ilikuwa kama sherehe, watu walicheka wiki nzima, kisha wakasahau, wakarudi kwenye foleni ya kisima.

Binti alirudi mwezi uliofuata, Jumamosi mchana, bila taarifa. Aliamkia, akaweka mkoba, akakunja mikono ya blauzi na kuanza kusuuza nguo zilizokuwa kwenye beseni la tatu. Mama alimtazama. Mtoto haji moja kwa moja kwenye beseni kama hana jambo.

"Sema," akamwambia.

"Mama, zile karatasi zilikuwa za mabomba."

"Mabomba gani?"

"Kuna mabomba matatu ya mitaa. Kamati ya maji ilikuwa haijui pa kuyaweka, ikaomba chuo kipime ni mitaa ipi yenye shida zaidi kati ya sita. Kazi yetu ndiyo hiyo. Mtaa wetu umetolewa." Alikamua shuka mpaka likalia. "Tumekuwa wa kwanza, mama. Mtaa wenye maji kuliko yote."

Mama Povu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mbona hukuniambia?"

"Tulikatazwa. Walisema mtu akijua kuna bomba linakuja atajifanya maskini kuliko alivyo. Tumesoma hivyo, vitabu vyote vinasema hivyo. Hakuna kitabu kilichotuambia habari ya mtu kujifanya tajiri."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua tangu jibu la pili."

"Mbona uliandika?"

"Ulitaka nifanyeje? Nisimame mbele ya mwalimu niseme mama yangu mwongo?" Sauti ilimpanda, kisha ikashuka. "Tena si hilo tu. Nilipowaona wamekaa kwenye lile kochi, nilifurahi kwamba lipo. Nilikuwa nimewaambia njooni kwetu, kwa maneno makubwa, halafu nilipofika mlangoni nikafurahi kwamba si kwetu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye nguo za kambani.

Taarifa ilikuwa imekwisha andikwa. Alhamisi ingesomwa ukumbini mbele ya kamati na watu wa mitaa, na mabomba yangegawiwa palepale. Mama aliuliza kama mtu akisema sasa itakuwaje. Binti alisema mtu anayejaza karatasi huku akijua ni uongo, chuoni anaitwa mdanganyifu, na waliowahi kuitwa hivyo baadhi yao walirudi kwao na masanduku. Mahafali yalikuwa miezi minne mbele.

"Liache, mama," alisema. "Litapita."

Mama Povu akajaribu kuliacha. Jumapili alifua, Jumatatu akapiga pasi. Alijiambia mabomba huharibika, pengine lisingetoa maji hata mwaka. Alijiambia mtaa haukutumwa kumuiga. Kila mtu ana mdomo wake. Maneno yote hayo yalikuwa mazuri, na kila moja lilidumu kama povu linavyodumu. Jumatano asubuhi, akirudi kisimani, alikutana na mjukuu wa Redio njiani. Mtoto wa kike, miaka kumi, sare ya shule, ndoo kichwani, anatembea haraka bila kumwaga, ule mwendo wa mtoto aliyezoea.

"Wewe, shule imeanza."

"Nachota moja tu, bibi. Ya pili nitachota nikirudi."

Mtoto akapita. Mama Povu aligeuka kumtazama, na hakutazama ndoo. Alitazama pindo la sketi. Kisha akasimama pale njiani na madumu yake mawili, watu wakimpita na kumuuliza kama anaumwa.

Alhamisi alivaa gauni lake la heshima, akafika ukumbini mapema kuliko wote. Hakumwambia binti. Alipanga kumkamata mwalimu mlangoni, amalize kabla mkutano haujaanza, aibu ibaki kati ya watu wawili. Na njia nzima alikuwa ametengeneza jibu. Alijua swali litakalofuata, na jibu lilikuwa tayari: binti hajui kitu, binti analala chuoni, nilimwambia tumeingiza bomba mwaka huu. Uongo mmoja wa mwisho, wa kumkinga mtoto. Mungu angeuelewa huo.

Mwalimu alishuka kwenye gari na mafaili kifuani. Alimkumbuka mara moja. "Dada yangu! Kaya ya mfano."

"Shikilia kwanza, mwalimu. Nilikudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Yote. Sina bomba. Hakuna mwenye bomba pale mtaani. Kochi si langu, mashine si yangu, pazia si langu. Mimi ni mfua nguo, maji nachota kisimani na foleni yake. Wenzangu waliniiga mimi."

Mwalimu alivua miwani. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kwa nini, dada yangu? Niliwaambia hatukuja kuwauzia kitu."

"Mlikuja na viatu safi," alisema Mama Povu.

Mwalimu alitazama chini, kwenye viatu vyake, kisha akainua uso. Sauti yake ikabadilika kidogo, ikawa sauti ya kazi. "Binti yako ndiye aliyeandika. Alijua?"

Jibu lilikuwa mdomoni, limeiva. Mama Povu alifungua mdomo.

"Nilijua," alisema binti.

Alikuwa nyuma yao na wenzake, wamebeba ubao wa michoro. Alikuwa amemwona mama yake kwa mbali, na gauni lile, na akaelewa. Alirudia, akimtazama mwalimu, si mama yake: "Nilijua, mwalimu. Mimi nilisoma shule ya mtaa ule. Nilikosa hesabu miaka mitano kwa ajili ya maji. Nikaandika hapana."

Ubao wa michoro ulibaki umeshikwa hewani na wenzake wawili ambao hawakujua waushushe au waendelee.

Mkutano ulianza kwa kuchelewa. Mwalimu alisimama akasema takwimu za mtaa mmoja zimeondolewa kwa kuwa hazikuwa za kweli, na kwamba kosa la kwanza ni la chuo, kwa kutokagua. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mnene mwenye utani, alishika kiuno. "Mtaa mzima umedanganya kwamba una maji? Mimi miaka yangu yote nimeona watu wakidanganya kwamba hawana!" Ukumbi ukaangua kicheko. "Nani alianza?"

Hakuna aliyemlazimisha. Lakini Redio alikuwa safu ya tatu, na Fundi, na mzee mlinzi, wote wanatazama sakafu, na kila mtu alijua. Mama Povu alisimama. "Mimi," akasema. "Nyumba yangu ndiyo ilikuwa ya mfano." Wakacheka tena. Alikaa kabla hawajamaliza, na kile kicheko kilimpita kichwani kama maji ya ndoo mtu anayoyamwaga dirishani bila kuangalia.

Njia ya kurudi hakuna aliyetembea naye ila Fundi, hatua tatu mbele.

"Ungekwenda kujivua nguo peke yako, mwenzetu," alisema bila kugeuka. "Sasa umetuvua wote."

Ilikuwa kweli.

Mabomba hayakugawiwa siku ile. Karatasi zilipita upya, safari hii na wanafunzi wa mwaka mwingine, na mwalimu akipita nyuma yao kutazama ndoo kwa macho yake. Mtaa ulipata bomba moja, likawekwa kwenye kona karibu na nyumba ya Redio. Lilipoanza kutoa maji watu walishangilia, na kwa muda mazungumzo yalikatika kila Mama Povu alipofika kwenye foleni na madumu yake. Redio ndiye aliyechoka kununa kwanza. Hakuumbwa kwa kimya. "Pita mbele, Bomba la Ndani," alisema siku moja, kwa sauti ya kusikika na wote. Likawa jina. Lile la Povu lilikufa taratibu, na hili hakulipenda, lakini aliitika.

Binti hakufukuzwa. Kazi yake ya utafiti ilifutwa yote, akatakiwa airudie mwaka unaofuata, mtaa mwingine. Wenzake walihitimu bila yeye. Siku moja kabla ya mahafali, mmoja wao alikuja na joho limekunjamana kama karatasi iliyotolewa mfukoni. Alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye kochi siku ile ya utafiti.

"Shikamoo, mama. Binti yupo? Wanasema hapa mnapiga pasi vizuri."

"Marahaba, mwanangu," alisema Mama Povu, na akatafuta mahali pa kumkalisha, akampa kiti kile cha waya. Msichana alikaa kwa uangalifu. Binti alitoka uani, wakakumbatiana, wakaulizana habari za watu. Kisha binti alilichukua joho yeye mwenyewe, akatandika blanketi mezani.

"Lete," mama yake alisema. "Nitapiga mimi."

"Nitapiga, mama. Nionyeshe tu hizi kunyanzi za begani, zinaanzia wapi?"

"Ndani. Geuza. Weka kitambaa kibichi juu, lisije likang'aa."

Binti aligeuza, akaweka kitambaa, akashusha pasi. Mvuke ulipanda. Msichana alisema kwa sauti ndogo kwamba kesho angefurahi wakija, wote wawili, kama hawataona vibaya. Mama Povu alikuwa na jibu lake la miaka mitatu, la kazi nyingi.

"Tutakuja," binti alisema, macho kwenye bega la joho.

"Mwalimu wenu atakuwepo," Mama Povu alisema msichana alipokwisha kuondoka.

"Ndiyo, mama. Atakuwepo."

Walikwenda. Walikaa safu za nyuma, kati ya wazazi waliobeba maua, na majina yalipoitwa binti alipiga makofi kwa kila mmoja wa wenzake saba. Mama yake alipiga pia. Mara kwa mara alimtazama kwa pembe ya jicho, na hakuona machozi, na hakujua kama hilo ni jema au baya. Baadaye, watu walipokuwa wakitoka nje kupiga picha, mwalimu aliwaona, akaja akipenya katikati ya majoho. Alimpa mkono Mama Povu, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Habari za siku, dada yangu. Maji yanatoka?"

Wazazi wengine walikuwa pale pale, wamevaa vizuri, wanasikia. Mama mmoja mwenye kofia aligeuka. Aibu ilimrudia Mama Povu, ile ile ya ukumbini, na ulimi wake ulijua njia rahisi: ndiyo, yanatoka, tunashukuru.

"Siku mbili kwa wiki," alisema. "Asubuhi."

"Na leo?"

"Leo hayakutoka. Gauni hili nimelipiga pasi bila kulifua."